Kumjua Simba kwa Masharubu Yake: Mwongozo Kamili wa Kufuatilia Kundi Moja Serengeti

Magari mengi yanayosimama mbele ya simba katika bonde la Seronera hukaa dakika kumi au kumi na tano. Picha zinapigwa, dume anapiga miayo, safari inaendelea. Jioni ukimuuliza mgeni ameona nini, atakwambia ameona simba saba. Ukimuuliza ni akina nani hao saba, swali lenyewe litamshangaza.

Nimeandika mwongozo huu kwa anayetaka kulijibu swali hilo. Huenda unaongoza watalii, unasomea wanyamapori, unapiga picha, au unapata nafasi ya kuingia hifadhini mara mbili tatu tu kwa mwaka na ungependa kila safari ianzie pale iliyopita ilipoishia. Mimi nimefuatilia kundi moja kwa miaka tisa. Nililolijua mapema, ingawa nilichelewa kulikubali, ni kwamba kazi hii haihitaji kuona simba wengi. Inahitaji kuwaona walewale. Jike uliyemjua akiwa mtoto, ukamwona akizaa mara ya kwanza, ukamwona akiwapoteza wanawe na kuanza upya, huyo mmoja atakufundisha kuliko simba mia wa njiani.

Utakuwa unaingia katika kazi yenye ukoo. George Schaller alianza utafiti wa simba Serengeti mwaka 1966. Baada yake akaja Brian Bertram, kisha Jeannette Hanby na David Bygott, na mwaka 1978 wakaja Craig Packer na Anne Pusey. Kwa kuwa kila mmoja alianza na simba ambao mwenzake alikwisha kuwatambua, Serengeti ina nasaba za simba zinazorudi nyuma vizazi kwa vizazi. Daftari lako litakuwa dogo kuliko madaftari yao, ila kanuni ni ileile.

Hatua ya kwanza: chagua ardhi, simba watafuata

Wanaoanza huchagua dume. Wameona singa nyeusi, yaani nywele ndefu za shingoni mwake, wamevutiwa, wanataka kumfuata yeye. Dume atakaa na kundi miaka miwili au mitatu, kisha atafukuzwa au atakufa, na habari yako itakatika. Wenye kundi ni majike. Jike huzaliwa, huzaa na mara nyingi hufa katika ardhi ileile ya mama na bibi yake. Kwa hiyo tafuta majike, na ili kuwapata tafuta ardhi wanayoipenda.

Ardhi hiyo utaijua kwa mambo matatu: maji yasiyokauka haraka, mahali pa kujificha, na wanyama wa kula hata pale nyumbu wanapokuwa mbali. Utafiti wa Serengeti umeonyesha kuwa sehemu bora kuliko zote ni pale mito inapokutana. Makorongo mawili yakiungana, unapata vidimbwi vinavyodumu kiangazi, vichaka vizito, na mwinda anapata kona ambayo mnyama akishaingia hana pa kupenya. Makundi yanayoshikilia sehemu hizo hulea watoto wengi zaidi, na makundi jirani hupigana kuzipata.

Ndiyo maana nashauri mtu wa kuanza aanzie Seronera, asianzie tambarare za kusini. Kule Ndutu, kuanzia Januari hadi Machi nyumbu wanapozaa, utaona simba wamenona na watoto wamejaa. Mvua zikiisha nyumbu huelekea magharibi upande wa mto Grumeti, na kati ya Julai na Oktoba wengi wako kaskazini, upande wa mto Mara. Tambarare hubaki tupu, na simba wake hutawanyika eneo kubwa mno kwa mtu mwenye gari moja. Seronera wakati huohuo bado kuna nyamera, ngiri, swala pala na nyati. Kundi halina haja ya kuhama.

Chagua kundi lenye majike watatu au wanne angalau. Kundi langu naliita la Mvungunya, kwa sababu siku ya kwanza niliwakuta majike watano chini ya mvungunya mkubwa kando ya korongo, mmoja kati yao akilalia tunda lililoanguka kama mto wa kitandani.

Hatua ya pili: kanuni na vibali

Ukiingia kama mgeni wa kawaida, unachohitaji ni kibali cha kuingia na utii. Usiache barabara. Usishuke garini mahali pasiporuhusiwa. Usiendeshe usiku wala kurusha droni bila kibali maalumu. Ukitaka kazi yako iwe utafiti, yaani kukusanya takwimu za kuchapisha, kufunga kamera porini au kugusa mnyama kwa namna yoyote, basi Tanzania utapitia Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania (TAWIRI), pamoja na wenye hifadhi wenyewe, Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA). Anza mapema, vibali vina foleni yake.

Hatua ya tatu: vifaa

Darubini ya 8x42 au 10x42. Kamera yenye lenzi ya milimita 300 au 400. Daftari la jalada gumu na penseli, kwa sababu wino huyeyuka mvua ikipiga dirishani. Ramani iliyochapishwa ya eneo lako dogo, uiandike majina yako mwenyewe ya kila korongo, jabali na mti mkubwa. Maji na chakula cha kutwa nzima. Havizidi hapo.

Hatua ya nne: kuwapata

Anza kabla hujatoka. Simba hunguruma sana usiku na karibu na mapambazuko, na usiku mtulivu sauti husikika hadi kilomita 8. Keti nje ya hema saa kumi na moja alfajiri, sikiliza, andika upande na saa. Sikiliza pia wako wangapi, kwa sababu wao wenyewe huhesabiana. Mtafiti Karen McComb na wenzake waliwahi kuwapigia simba jike wa Serengeti sauti za majike wageni kwenye spika, na wakaona kwamba majike hujitokeza kuikabili sauti pale wanapokuwa wengi kuliko wanaowasikia, na husita wanapokuwa wachache. Ukisikia kundi lako likinyamaza wakati jirani ananguruma, hiyo ni taarifa. Iandike.

Kukipambazuka, tembea barabarani taratibu ukitazama vumbi. Simba hupenda barabara usiku kama sisi tunavyoipenda mchana, kwa kuwa haina nyasi ndefu wala umande. Unyayo wa simba hauna alama za kucha, na kisigino chake nyuma kina mabonge matatu. Wa fisi una kucha. Unyayo wenye kingo kali ambao umande haujauharibu ni wa muda si mrefu.

Halafu wasome wanyama wengine. Twiga akisimama kutazama upande mmoja bila kutafuna, tazama huko. Nyamera aliyepanda kichuguu na kukaza shingo anaona usichokiona. Kanga wakipiga kelele kwenye kichaka, simama. Tumbusi wakiwa mtini na hawashuki ingawa mzoga uko chini, kuna mwenye mzoga bado yuko pale.

Madereva watakusaidia pia. Yupo mmoja niliyezoea kusafiri naye ambaye redioni hakumwita simba kwa jina, alisema tu "sharubu", ili wageni wake wasijue kabla ya kufika. Nililipenda neno hilo kuliko alivyodhani, kwa sababu linahusu hatua inayofuata.

Hatua ya tano: kumtambua kila mmoja

Hapa usiwe na haraka. Yote utakayoandika baadaye yanategemea hatua hii, na ukikosea hapa kila kilichojengwa juu yake kitaanguka.

Tazama shavu la simba kwa upande. Masharubu yameota kwa mistari, na pale kila unywele unapotokea pana doa jeusi. Mistari ya chini imejaa na inafanana kwa simba wote. Juu ya mstari wa kwanza uliojaa kuna mstari pungufu wenye madoa machache tu, mara nyingi kati ya moja na manne. Hayo ya juu ndiyo kitambulisho chake. Mbinu hii ilielezwa mwaka 1970 na watafiti Pennycuick na Rudnai, na hadi leo ndiyo inayotegemewa, kwa sababu madoa hayabadiliki tangu utoto hadi uzee. Kidonda kitapona, singa itakua, madoa yatabaki palepale.

Fanya hivi. Pata picha ya shavu la kushoto na ya shavu la kulia, kila moja simba akiwa ametazama pembeni kabisa. Akikugeukia hata kidogo, madoa yatasogea na utadanganyika. Kwenye picha, hesabu madoa ya mstari uliojaa kuanzia puani: moja, mbili, tatu, nne. Kisha chora ya juu yanaangukia wapi, juu ya doa la ngapi au katikati ya mawili. Andika hivi: "Kushoto: mawili, juu ya 2, kati ya 3 na 4." Shavu la kulia ni mchoro mwingine kabisa, usidhani linafanana na la kushoto. Watoto wadogo sana madoa yao hayasomeki vizuri. Subiri wafike miezi kadhaa.

Mwanga bora ni wa saa moja hadi saa mbili asubuhi, jua likiwa ubavuni. Nafasi bora ni anapokunywa maji. Nakumbuka asubuhi moja jike niliyemwita Chausiku aliinama kwenye kidimbwi cha barabarani, mita kumi kutoka tairi la mbele. Alikunywa kwa muda mrefu, ulimi ukirusha matone kidevuni, na kila aliponyanyua kichwa kusikiliza alitulia bila kutikisika. Niliyaona madoa yake mawili bila kuhitaji kamera. Sharubu moja ilikuwa imekatika katikati. Puani kulikuwa na kovu jembamba la waridi, jipya, na inzi aliyekuwa analirudia.

Alama nyingine ni za kusaidia tu: masikio yaliyochanika, jino lililovunjika, mkia uliokatika ncha, kovu. Nilijifunza hilo kwa kupoteza kazi ya miezi saba. Chausiku na dada yake Masika wote walikuwa na mpasuko sikio la kulia, na mimi nikiwa na haraka ya kuanza kuandika visa, nilitambua kwa sikio. Daftari langu likamwonyesha jike mmoja anayenyonyesha Jumanne na mwenye mimba kubwa Ijumaa. Niliona ajabu lakini sikusimama kujiuliza. Siku walipotoka korongoni pamoja, bega kwa bega, nilijua kwamba kila ukurasa tangu Machi hauaminiki. Nilivifuta visa vyote vya majike hao wawili, nikaanza upya na mashavu yao. Tangu hapo sikio naliandika, ila jina silitoi mpaka nimeona madoa.

Kila simba mpe kadi yake: michoro miwili, picha, jinsia, mama kama unamjua, tarehe ya kwanza kumwona. Majina ni hiari yako. Mimi huwapa kama wazee wetu walivyowapa watoto, kwa hali ya siku: Chausiku nilimwona kwanza giza likiingia, Masika wakati wa mvua kubwa, Tabu alizaliwa mwaka mgumu. Kwenye kadi, hata hivyo, weka namba pia, maana majina hurudiwa na namba hazirudiwi.

Hatua ya sita: umri

Mtoto hulinganishwa na mama: anayepita chini ya tumbo lake bila kuinama bado ni wa miezi michache. Dume huanza kuonyesha nywele shingoni akielekea mwaka wa pili, na singa hukamilika karibu na miaka minne au mitano. Baada ya hapo tazama pua. Utotoni ni ya waridi, kisha hupata vidoa vyeusi vinavyoongezeka mwaka hadi mwaka, na simba wa Serengeti ambaye pua yake ni nyeusi kupita nusu mara nyingi amefika miaka mitano au zaidi.

Rangi ya singa iandike pia, maana inasema habari za afya. Mwaka 2002 Peyton West na Craig Packer walichapisha majaribio waliyofanya kwa masanamu ya simba: majike walimwendea mwenye singa nyeusi, madume walimkwepa. Dume aliyeumia singa yake huweza kupungua. Ila usitumie kipimo hicho kila mahali. Kule Tsavo madume wazima wengi wana singa chache sana au hawana kabisa.

Hatua ya saba: daftari

Kila unapowakuta, kabla hujashika kamera, andika: tarehe, saa, mahali kwa jina la ramani yako, nani yupo, nani hayupo. Hilo la mwisho ndilo watu husahau. Kundi la simba halitembei zima kama kundi la nyati. Hugawanyika, wawili huku, watatu kule, wakakutana baada ya siku nne. "Hayupo" haimaanishi "amekufa". Lakini ukiandika "hayupo" mara kumi mfululizo wakati ndugu zake wote wameonekana, hapo unaanza kuwa na jibu.

Kisha tumbo. Mimi natumia 1 hadi 5: 1 limejaa hadi linaburuta akitembea, 5 limeingia ndani na mbavu zinahesabika. Andika tumbo la kila mmoja, maana katika kundi hilohilo mama anaweza kuwa 2 na watoto 5. Hapo utajua chakula kilikuwa kidogo na wakubwa walikula kwanza.

Halafu matiti. Jike anayenyonyesha, nywele zinazozunguka chuchu huwa zimelowa na kuacha duara jeusi. Hapo utakuwa umejua kuna watoto mahali fulani kabla hujawaona.

Kisha kaa. Simba hulala au kupumzika hadi saa 20 kwa siku, na anayewafuatilia hana budi kukubali hilo. Simba mwenda pole ndiye mla nyama, na anayemsubiri aende kwa mwendo wake. Nimekaa kutwa nzima nikiandika kila nusu saa "wamelala, wamelala, wamelala", na saa kumi na moja na dakika ishirini jike mkubwa akanyanyuka, akajinyoosha, akaenda kumlamba kila mmoja usoni. Dakika kumi baadaye wote walikuwa njiani kuwinda.

Wakianza kunyemelea, zima injini na usisogeze gari. Gari linalotafuta nafasi ya picha humtisha mnyama au humpa simba ngao asiyostahili, na katika hali zote mbili unachokiandika si maisha yao tena.

Hatua ya nane: kusoma matukio makubwa

Kupandana kunaonekana kwa urahisi. Dume na jike hujitenga siku tatu au nne, wakipandana kila baada ya dakika ishirini hivi. Andika tarehe ya kwanza, hesabu siku 110. Ukiwaona tarehe 3 Machi, weka alama tarehe 21 Juni. Si kila kupandana huzaa mimba, lakini tarehe hiyo ikikaribia utazame tumbo lake, na siku atakayotoweka utajua sababu.

Hujitenga kuzaa kwenye majabali, matete au kona nzito ya korongo, mara nyingi watoto wawili hadi wanne. Atawahamisha kwa mdomo mara kadhaa, na atawaficha kwa wiki kama sita. Usiwatafute. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu nimeona gari moja likifuata nyayo hadi pangoni, mengine saba yakafuata, na usiku ule mama akawahamisha watoto wake wachanga kuvuka uwanda wazi wenye fisi. Ukigundua maficho, funga mdomo. Usiyataje redioni, na usipandishe mtandaoni picha yenye taarifa za mahali.

Siku atakapowaleta kundini, hesabu. Wiki inayofuata hesabu tena. Zaidi ya nusu hawatafika miaka miwili, na kazi yako ni kujua waliondoka lini na nani alikuwepo. Majike waliozaa karibu kwa wakati mmoja huunganisha watoto na kuwalea pamoja, na utaona mtoto akinyonya kwa mama mdogo wake. Watu wengi hudhani wanasaidiana maziwa. Sababu kubwa ni ulinzi: majike wawili au watatu pamoja wanaweza kumzuia dume mgeni, mmoja peke yake ni vigumu.

Na dume mgeni ndiye tukio utakalolihofia kuliko yote. Madume huja kwa muungano wa ndugu wawili, watatu, wakati mwingine zaidi, au wageni wawili waliokutana porini. Dalili za kwanza utazisikia kabla ya kuziona: ngurumo za sauti usizozizoea, upande usio wa kawaida. Kisha wenyeji wataonekana na majeraha. Kisha hawataonekana. Wapya wakishika kundi, watoto wadogo huuawa au hufukuzwa. Jike mwenye watoto kwa kawaida hapandwi tena mpaka wakaribie miaka miwili. Akiwapoteza, hurudi kwenye joto baada ya siku au wiki chache. Dume aliye na miaka miwili tu ya kutawala hasubiri watoto wa mwingine wakue.

Nimeliona mara mbili katika kundi la Mvungunya. Mara ya pili, Masika aliondoka na watoto wake watatu wakubwa, wenye umri wa mwaka na nusu, wakaishi pembezoni mwa eneo kwa miezi mitano, wembamba, tumbo 4 karibu kila siku, wakila ngiri na masalio. Wawili walipona. Usiingilie. Usipige honi. Andika, hata mkono ukitetemeka, kwa sababu bila maandishi hayo mtu atakayekuja baadaye hataelewa kwa nini kundi lenye majike watano halina hata mtoto mmoja.

Baada ya hapo fuata kalenda. Kwa miezi michache majike watapandana sana na wapya bila kushika mimba. Kisha watashika karibu pamoja, watazaa karibu pamoja, na ulezi wa pamoja utaanza upya. Ukiwa na tarehe ya mapinduzi, utaweza kukadiria msimu wa watoto kabla haujafika.

Hatua ya tisa: hatari zitokazo kwa watu

Mwaka 1994 ugonjwa wa virusi vya mbwa, ule wa distempa, uliua takriban theluthi ya simba wa Serengeti. Asili yake ilihusishwa na mbwa wa vijiji vinavyopakana na hifadhi. Simba mwenye kutetemeka misuli ya uso, kupepesuka au kuanguka kifafa, mpigie picha ya video, andika mahali, mwambie askari wa hifadhi saa hiyohiyo. Vivyo hivyo ukiona waya shingoni au mguuni. Mitego ya nyaya hutegewa nyumbu na pundamilia, lakini simba hunaswa humohumo, na daktari wa wanyamapori akifika mapema waya hutolewa.

Ukikuta mzoga na pembeni yake tumbusi au fisi waliokufa, usishike kitu, usiburute kitu. Hiyo ni sumu. Toa taarifa.

Na kabla hujamlaumu mfugaji, kaa naye. Ng'ombe watatu kuliwa usiku mmoja ni ada ya shule na akiba ya familia. Mambo yanayosaidia yapo. Simanjiro wafugaji wamezungushia maboma yao seng'enge ikishikiliwa na miti hai iliyopandwa kama nguzo, na ukanda wa Amboseli, Kenya, tangu 2007 kuna vijana wa Kimaasai walioajiriwa kama walinzi wa simba, wanaowapa simba majina na kuwaonya wachungaji wasiende upande walipo. Wanafanya hasa ninachokueleza hapa, na wanakifanya kwa miguu.

Hatua ya kumi: usifunge kadi mapema

Madume wachanga hufukuzwa nyumbani wakiwa na miaka miwili hadi minne. Siku moja wapo, wiki inayofuata hawapo, na hawarudi. Wengi huandika "ametoweka" na kufunga kadi. Iache wazi. Badilishana picha na madereva wa kanda nyingine, uwafundishe kupiga picha ya shavu badala ya picha ya miayo.

Tabu, mtoto wa Chausiku, aliondoka na binamu yake akiwa na miaka mitatu. Miaka minne baadaye dereva anayefanya kazi kaskazini, upande wa Lobo, alinitumia picha ya dume mmoja akiwa amelala juu ya jabali, singa nyeusi hadi kifuani, jicho moja likiwa na kovu refu. Akauliza tu kama namjua. Kwa sura sikumjua. Nikaikuza picha upande wa kulia wa pua, nikahesabu: matatu, la kwanza juu ya 1, la pili kati ya 2 na 3, la tatu juu ya 4. Nikatoa kadi niliyoichora alipokuwa na miezi minane, penseli imefifia, pua yake kwenye picha ya zamani bado ya waridi. Matatu. Juu ya 1, kati ya 2 na 3, juu ya 4.

Nyuma ya kadi nikaandika tarehe, "Lobo, tumbo 2, pua nyeusi kupita nusu", na nikamuuliza dereva kama wa pili alikuwa karibu.